Bodi zenye kihami joto kwa ukuta wa fremu ya mbao: ZIP R, povu gumu la nje, au sufu ya mawe?

Msafiri wa Kaskazini

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Mimi na mke wangu tumenunua kiwanja karibu na St. Cloud, Minnesota, na mkandarasi anatarajia kusimamisha fremu mara tu baridi itakapopungua. Nyumba itakuwa ya ghorofa mbili, nguzo za kuta za nje ni mbao za inchi mbili kwa sita, na nafasi zilizo kati ya nguzo zitajazwa kihami joto cha R-20 (R ni kipimo cha uwezo wa kuzuia joto; namba ikiwa kubwa, joto huzuiwa zaidi). Hadi hapo hatuna ubishi.

Ubishi uko kwenye bodi za kufunikia fremu kwa nje. Mkandarasi ametupa njia tatu tuchague. Ya kwanza ni bodi za kawaida za OSB, yaani vipande vyembamba vya mbao vilivyogandishwa pamoja, zenye karatasi ya kuzuia maji juu yake, bila kihami chochote cha nje. Ya pili ni bodi za ZIP System R za daraja la R-6, ambazo zina OSB na povu gumu vilivyounganishwa kiwandani. Ya tatu ni OSB ya kawaida iliyozibwa maungio, kisha inchi mbili za povu gumu la poliaiso kwa nje, kisha fito za mbao za kupigiliwa vibao vya nje. Yeye mwenyewe anapendelea ya pili kwa sababu kazi inakwenda haraka. Naomba mwenye ujuzi anisaidie kuzilinganisha, kwa kuwa muuzaji wa kila bidhaa anasifu yake.

Seremala wa Duluth

Ndugu Msafiri, karibu katika baridi yetu. Bodi ya nje ya ukuta wa fremu hufanya kazi kadhaa kwa pamoja, na mtu akitazama namba ya R iliyoandikwa kwenye lebo peke yake atalinganisha vitu visivyolingana. Bodi hiyo ndiyo inayoukaza ukuta usiyumbe upepo unapousukuma kutoka ubavuni; ndiyo inayozuia maji ya mvua na hewa; na ikiwa ina kihami, ndiyo inayopunguza joto linalotoroka kupitia nguzo zenyewe.

Nianze na hili la mwisho, maana watu wengi huamini kwamba ukuta uliojazwa kihami cha R-20 ni ukuta wa R-20. Mbao laini ina R ya karibu 1.25 kwa kila inchi, na nguzo ya mbili kwa sita ina upana halisi wa inchi 5.5, kwa hiyo nguzo yenyewe haifiki hata R-7. Ukijumlisha nguzo, vizingiti vya madirisha, mbao za juu na za chini pamoja na pembe, kwa kawaida mbao hushika karibu robo ya eneo la ukuta. Fanya hesabu ya mkono: robo ya ukuta ina R-6.9 na robo tatu zina R-20. Utapata wastani usiozidi 14 kabla ya kuhesabu jipsamu na vibao vya nje. Sasa ongeza tabaka la R-6 linalopita juu ya nguzo zote bila kukatika, na wastani unapanda hadi kati ya 19 na 21. Umeongeza sita, umepata sita au zaidi, wakati kihami kinachowekwa kati ya nguzo hukupa pungufu ya kile kilichoandikwa.

Kwa hiyo njia ya kwanza ningeiondoa mapema. Kanuni ya kimataifa ya nyumba za makazi, toleo la 2021, kwa kanda ya 6 ya hali ya hewa ambayo ndiyo yenu, inaruhusu R-30 kati ya nguzo, au R-20 pamoja na R-5 ya nje isiyokatika, au R-13 pamoja na R-10 ya nje, au R-20 yote ikae nje. Kila jimbo hupokea kanuni hizo kwa marekebisho yake na kwa wakati wake, hivyo mkandarasi anaweza kukuonyesha kwamba njia ya kwanza inakubalika kwa mkaguzi wa kwenu. Kukubalika ni kiwango cha chini kabisa cha kisheria, na wewe ndiye utakayelipa gesi ya kupasha joto kwa miaka thelathini.

Kati ya njia ya pili na ya tatu ndipo penye mjadala wa kweli. Nitarudi jioni nieleze upande wa kazi yenyewe, maana nimezifanya zote mbili.

Mpima Hewa

Mzee Seremala amesema vizuri kuhusu joto. Naomba niongeze habari ya mvuke, kwa kuwa kazi yangu ni kupima nyumba zilizokamilika, na ninayoyaona ndani ya kuta mara nyingi yanatokana na mvuke kuliko joto.

Ndugu Msafiri, kuna kanuni mbili katika kitabu kilekile, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni hiyo ya R-20 pamoja na R-5, inayohusu matumizi ya nishati. Ya pili inahusu kizuizi cha mvuke upande wa ndani. Inasema kwamba ukitaka ukuta wa ndani uwe na rangi ya kawaida tu juu ya jipsamu, bila kizuizi kingine, basi katika kanda ya 6 kihami cha nje kiwe angalau R-7.5 kwa nguzo za mbili kwa nne, na angalau R-11.25 kwa nguzo za mbili kwa sita. Katika kanda ya 7, anakoishi Mzee Seremala, namba hizo ni R-10 na R-15. Katika kanda ya 5 ni R-5 na R-7.5. Utaona basi kwamba ZIP R ya R-6 juu ya mbili kwa sita inapita kanuni ya kwanza bila shida, na ya pili haiifikii hata kwa mbali.

Sababu yake si ya kiserikali, ni ya hesabu. Tuseme nyumba ina nyuzi 20 ndani na unyevu wa asilimia 30, na nje wastani wa majira ya baridi ni nyuzi 8 chini ya sifuri. Hewa ya namna hiyo huanza kutoa umande inapokutana na kitu chenye nyuzi 2 hivi au chini yake. Kukiwa na R-20 kati ya nguzo na R-6 nje, uso wa ndani wa povu, yaani mahali ambapo mvuke uliopenya jipsamu utaishia, utakuwa na takriban nyuzi 1.5 chini ya sifuri. Umande utatokea, tena utaganda. Weka R-12 nje badala ya R-6, na uso huohuo unapanda hadi nyuzi 2.5 juu ya sifuri, ambapo mvuke hauna sababu ya kugeuka maji. Hata nguzo za mbili kwa nne zenye R-13 ndani na R-9 nje hukupa nyuzi 3.5, ingawa jumla ya R ni ndogo kuliko ile ya ukuta wa kwanza. Kinachoamua ni uwiano kati ya kihami cha nje na cha ndani. Unene wa ukuta na jumla ya namba havisaidii kitu ikiwa uwiano umekosewa.

Msafiri wa Kaskazini

Nashukuru sana, Dada Mpima Hewa. Je, maana yake ni kwamba R-6 haifai kabisa kwetu? Na je, siwezi kutatua jambo hili kwa kuweka karatasi ya nailoni (ile plastiki ya polithini) ndani, nyuma ya jipsamu, kama jirani yetu alivyofanya?

Mpima Hewa

Inafaa, kwa sharti. Ukichagua R-6 juu ya mbili kwa sita, weka kizuizi cha mvuke cha daraja la pili upande wa ndani: kihami chenye karatasi ya krafti, au utando wa kisasa unaobana mvuke wakati hewa ni kavu na kuuachia wakati unyevu unapopanda. Kwa njia hiyo mvuke mchache unaingia ukutani wakati wa baridi, na ule ulioingia unapata njia ya kurudi ndani wakati wa joto.

Nailoni ni jambo tofauti. Karatasi ya nailoni iko katika daraja la kwanza, inazuia karibu mvuke wote. Jirani yako huenda ana OSB ya kawaida nje, inayoweza kukauka kuelekea nje, na hapo nailoni imefanya kazi yake kwa miaka mingi katika jimbo hili. Wewe ukiweka nailoni ndani na poliaiso yenye karatasi ya alumini nje, utakuwa umefunga mbao kati ya nailoni na alumini, na tone lolote la mvua litakalopenya pembeni mwa dirisha halitakuwa na pa kutokea. Usifanye hivyo hata mtu akikuambia kwamba ndiyo desturi.

Neno jingine kuhusu poliaiso, kwa sababu litakuathiri katika njia zote mbili: lebo huandika karibu R-6 kwa inchi, lakini namba hiyo hupimwa katika joto la wastani, na povu hilo hupoteza sehemu ya uwezo wake kunapokuwa na baridi kali. Aina nyingine za povu gumu, yaani EPS, yenye karibu R-4 kwa inchi, na XPS, yenye karibu R-5, huimarika kidogo katika baridi badala ya kudhoofika. Wabunifu waangalifu wa kaskazini huihesabu poliaiso kama R-5 kwa inchi ili wasijidanganye. Kwa hesabu hiyo inchi zako mbili ni R-10, nayo iko chini kidogo ya 11.25. Ningeweka inchi mbili na nusu, au ningebaki na mbili na kuweka ule utando wa kisasa ndani.

Seremala wa Duluth

Nimerudi. Aliyosema dada yetu ni sahihi na sina la kupunguza. Sasa upande wa nyundo.

ZIP System ya kawaida ni bodi ya OSB yenye utando wa kuzuia maji uliogandishwa kiwandani, na maungio yake huzibwa kwa utepe wa gundi. Ile ya R ina tabaka la poliaiso lililogandishwa upande wa ndani, kwa hiyo unapoisimamisha, povu ndilo linalogusa nguzo na OSB inabaki nje. Wengi hudhani ni kinyume chake. Mpangilio huo una faida moja kubwa: dirisha linakaa juu ya OSB kama kawaida, ukingo wake unapigiliwa kwenye mbao ngumu, na utepe unaunganishwa moja kwa moja. Fundi aliyezoea nyumba za kawaida hatapotea.

Hasara yake iko kwenye misumari. Katika OSB ya kawaida, bodi inabana nguzo, na msumari unashika vizuri ukuta unaposukumwa. Katika ZIP R kuna povu kati ya bodi na nguzo, kwa hiyo msumari unavuka nafasi laini na unaweza kupinda kidogo unapobeba mzigo. Ndiyo maana mtengenezaji hutaka misumari mizito zaidi na iliyokaribiana zaidi pembezoni mwa bodi, na ndiyo maana uwezo wa ukuta wa kuhimili upepo unashuka kadiri povu linavyozidi unene. Msumari unatakiwa uingie inchi 1.5 ndani ya nguzo. Bodi ya R-6 ina unene wa inchi 1.5, kwa hiyo unahitaji msumari wa inchi 3. Ya R-9 ina inchi 2, msumari inchi 3.5. Ya R-12 ina inchi 2.5, na hapo unatafuta msumari wa inchi 4, wakati mashine nyingi za misumari za kujengea fremu zinaishia inchi 3.5. Muulize mkandarasi wako swali hilo moja tu, ana mashine gani ya kupigia R-12, nawe utajua kama amewahi kuifanya.

Jambo la pili ni nguvu ya mashine. Msumari ukizama ukapasua uso wa OSB, umepoteza kiasi cha uwezo wa bodi na umetoboa utando wa maji kwa wakati mmoja. Povu halitoi upinzani kama nguzo, kwa hiyo kuzamisha ni rahisi mno. Fundi anayefanya kazi kwa pupa ataharibu ukuta mzima kabla ya chakula cha mchana, na kwa mbali utaonekana mzuri. Zile kuta nyembamba za pembeni mwa mlango wa gereji, mwombe mhandisi azitazame peke yake, kwa sababu ndizo zinazobeba mzigo mkubwa kwa eneo dogo.

Njia ya tatu, OSB na povu la nje, inatenganisha kazi. OSB inabana nguzo na kuukaza ukuta kama kanuni zinavyotaka, bila kupunguzwa nguvu na kitu chochote; tena inakaa upande wenye joto, kavu, inalindwa na povu. Kwa uimara wa miaka mingi ndiyo ninayoiamini zaidi. Gharama yake ni muda. Fito zinashikiliwa kwa skrubu ndefu zinazopita kwenye fito, povu na OSB hadi ndani ya nguzo. Piga hesabu: robo tatu ya inchi ya fito, inchi mbili za povu, karibu nusu inchi ya OSB na inchi moja na nusu ndani ya nguzo, unafika karibu inchi 5 kwa kila skrubu, na zinahitajika mamia kwa mamia. Madirisha nayo yanahitaji visanduku vya plaiwudi ili yafike uso wa nje, au uyaache ndani kwenye OSB na utengeneze vizingiti virefu vya nje. Hakuna kati ya hayo lililo gumu, ila yote yanahitaji mtu anayefikiri kabla ya kukata.

Wako pia wanaoweka povu tupu bila OSB, na kukaza ukuta kwa vyuma vya mshazari au kwa kuweka OSB pembeni tu. Kanuni zina njia za kuruhusu. Kwa nyumba ya ghorofa mbili kwenye uwanda wenye upepo kama wa kwenu, mimi sikushauri, na sitalijadili zaidi.

Mkaazi wa Houston

Samahani kwa kuingilia. Nimesoma kwa makini, lakini huku kwetu hatuna baridi ya namna hiyo. Je, bodi hizi zina maana yoyote kwa mtu anayejenga kusini mwa Texas?

Mpima Hewa

Zina maana, ila mvuke unageuza njia. Huko hewa ya nje ndiyo yenye joto na unyevu, na nyumba ndiyo baridi kwa sababu ya kiyoyozi, hivyo mvuke husukumwa kuelekea ndani kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kihami cha nje kinachobana mvuke ni rafiki yako, na zile namba za uwiano hazikuhusu. Usiweke nailoni ndani kwa hali yoyote, wala karatasi ya ukutani ya vinaili. Angalia pia mchwa: pwani ya Ghuba ya Meksiko iko katika eneo ambalo kanuni zinakataza povu kuzikwa ardhini na kutaka liachwe angalau inchi sita juu ya udongo, kwa sababu mchwa hupenya ndani ya povu na kupanda hadi kwenye mbao bila mtu kuwaona.

Msafiri wa Kaskazini

Mke wangu anauliza kuhusu sufu ya mawe badala ya povu. Anachukia wazo la kuzungushia nyumba kitu kinachoweza kushika moto.

Seremala wa Duluth

Mwambie shemeji hoja yake ina uzito. Kanuni zinataka povu litenganishwe na vyumba vya ndani kwa kitu kama jipsamu ya nusu inchi, kwa hiyo ndani mko salama kisheria, lakini kwa nje povu ni povu. Sufu ya mawe haiungui. Tena inapitisha mvuke kwa wingi, hivyo OSB yako inaweza kukauka kuelekea nje, jambo ambalo povu lenye alumini haliruhusu kabisa. Mbao za Rockwool za aina ya Comfortboard 80 ndizo zinazopatikana kwa urahisi kwa kazi hii.

Gharama zake ni mbili. R yake ni karibu 4 kwa inchi, kwa hiyo ukitaka R-12 unahitaji inchi tatu, na skrubu zako zinafika inchi 6. Halafu ni laini kidogo: ukikaza skrubu kupita kiasi fito inazama, nyingine inabaki juu, na vibao vya nje vinaonekana vikipinda jua la jioni likipiga ubavuni. Inatakiwa mtu apite na uzi na rula ndefu, akilegeza na kukaza hadi fito zote zikae sawa. Nimeifanya na ninaipenda, lakini simpi fundi nisiyemjua.

Kuna pia mbao za nyuzi za miti, ambazo Wajerumani wamezitumia kwa muda mrefu na sasa zinatengenezwa hata Madison, Maine, katika kiwanda kilichokuwa cha karatasi. Zinapitisha mvuke kama sufu ya mawe, na R yake kwa inchi iko chini kidogo. Kwa kwenu tatizo litakuwa kuzipata kwa wakati.

Mpima Hewa

Naongeza moja. Kwa sufu ya mawe uwiano wa joto ni uleule, lakini usipoufikia adhabu ni ndogo, kwa kuwa unyevu una njia ya kutoka nje. Ndiyo maana ninapoulizwa na mtu ambaye sina hakika na fundi wake, mimi huelekea huko.

Na chochote mtakachochagua, hewa isivuje. Kanuni za toleo lilelile la 2021 zinataka nyumba ya kanda yenu isibadilishe hewa zaidi ya mara 3 kwa saa inapopimwa kwa shinikizo la paskali 50. Mvuke unaobebwa na hewa kupitia tundu dogo ni mwingi kuliko unaopenya bodi nzima ya jipsamu kwa majira yote ya baridi. ZIP inashinda hapa, kwa sababu utepe wake uko nje mkaguzi anauona. Lakini utepe unashika tu juu ya uso mkavu usio na vumbi wala sakitu, na lazima ukandamizwe kwa rola. Utepe uliobandikwa kwa kiganja nimekuta umejibandua kwenye nyumba ambayo bado haijahamiwa.

Msafiri wa Kaskazini

Nimezungumza na mkandarasi leo. Amekiri kwamba mashine yake haipigi msumari wa inchi 4, kwa hiyo ZIP R ya R-12 imeondoka. Anasema yuko tayari kufanya OSB iliyozibwa na inchi mbili na nusu za poliaiso, ila anataka kuweka madirisha ndani kwenye OSB ili asitengeneze visanduku. Je, tumkubalie?

Seremala wa Duluth

Mkubalieni. Dirisha likikaa kwenye OSB, utepe wake wa kuzuia maji unaunganishwa na uso uleule unaozuia hewa, na dirisha linakaa mahali penye joto zaidi, hivyo kioo hakitatoa umande kirahisi. Mtabaki na kizingiti kirefu cha nje, chenye mwinamo wa kumwaga maji, nacho kiwe na bati la kukinga maji linalopita juu ya povu hadi mbele ya vibao.

Mwambieni aweke alama za nguzo kwenye povu kwa chokaa kabla ya kupigilia fito, maana skrubu iliyokosa nguzo haishiki kitu, na akikosa aing'oe na kuziba tundu kwa utepe. Mkaguzi aitwe kutazama misumari ya OSB kabla povu halijafunika. Agizeni skrubu mapema pia. Kwa povu la inchi mbili na nusu mtahitaji zile zinazozidi inchi 5, na maduka ya kawaida ya St. Cloud huenda yasiwe nazo kwa idadi mnayotaka.